Pantalo ya Jirani

Mimi ni mushonaji hapa Mudzipela, na watu wanaoleta nguo wakati safari imefika mulangoni wananichosha kabisa. Wanajeshi ndio wabaya zaidi. Wanaambiwa asubuhi kwamba mchana wanapanda lori, ndipo wanakumbuka goti la pantalo limepasuka tangu mwezi uliopita. Na kwa sababu bwana yangu alikuwa mumoja wao, wote walinihesabu kuwa fundi wa kambi.

Siku ile walikuwa wanatumwa operesheni upande wa Boga. Jirani aliingia mbio, pantalo mukononi. Yeye na bwana yangu walikuwa kikosi kimoja. Muke wake na mimi tulikaa parsele moja, tukitumia jiko moja na kamba moja ya kuanikia nguo, na kama kawaida ya majirani, tuligombana kuhusu kamba kila wiki. Uzi wa kijani ulikuwa umeniishia. Nilibaki na uzi wa violeti tu, wa nguo za wamama wa kwaya.

“Shemeji,” akasema alipouona, “unanituma kwenye vita ao kwenye kwaya?”

“Kama hautaki, enda na goti inje.”

Bwana yangu, aliyekuwa ameketi juu ya mufuko wa unga akifunga viatu, alicheka mpaka akakohoa. Nilipitisha uzi mara mbili, nikaukata kwa meno, nikamurushia jirani pantalo yake. Wakaenda. Hatukuagana sana. Siye wake za wanajeshi tunaogopa kuagana kwa muda mrefu, tunasema “haya, muende” kama vile wanaenda sokoni tu.

Huko walikokwenda hakuna rezo. Tulipiga simu asubuhi, tukapiga mchana, sauti ya yule mama wa kwenye simu ikatuambia namba haipatikani. Tulimuzoea mpaka tukaanza kumujibu. “Tunajua, mama, usijisumbue,” jirani yangu, muke wa yule wa pantalo, alikuwa anasema, na tulicheka. Tulicheka kweli, maana ungefanya nini?

Wiki ya tatu tukaitwa kambini, siye wote ambao mabwana walikuwa kikosi kile. Mwanajeshi mumoja mwenye cheo cha ajida alisimama kando ya sanduku lililokwisha kupigwa misumari. Alisema maiti ilipatikana porini baada ya siku nyingi, haikuwa na karatasi wala simu, na mutu asiombe sanduku lifunguliwe, kwa sababu jua limeiharibu. Halafu akatoa pantalo katika sashe nyeusi ya plastiki, akaikunjua juu ya benchi.

“Nani anajua hii nguo?”

Niliona uzi kabla ya mutu mwingine yeyote. Violeti, mara mbili, juu ya goti. Niseme ukweli, nimechoka kuuficha: nilifurahi. Damu ilinirudia mwilini. Si wangu! Aksanti, Mungu wangu, si wangu! Nilisema hivyo moyoni wakati jirani yangu amesimama pembeni yangu, bega lake likigusa langu. Kisha nikasema kwa sauti ya fundi anayejua kazi yake:

“Hii nilishona mimi. Ni ya bwana yake.”

Ajida akaandika. Jirani yangu akaanguka chini.

Lakini mimi nilijua wanajeshi wanaazimana nguo! Mara ngapi bwana yangu alirudi nyumbani na shati la mutu mwingine, na mimi nikamuuliza kama amebadilisha na muke pia? Nilijua kabisa. Na kidole kikubwa cha muguu wa kushoto wa bwana yangu hakikuwa na ukucha tangu utoto wake kule Djugu, jembe lilimukata. Ningeomba wanionyeshe miguu tu. Sanduku lingefunguliwa kidogo upande wa chini, ningemujua. Sikuomba. Mutu aliyepona haombi kuangalia zaidi.

Matanga yalikuwa kwetu, siku tatu chini ya bashi la kukinga jua na mvua. Nilipika sombe, nilipanga viti, nilimufukuza shemeji yake mumoja aliyekuja na pombe kichwani. Mimi ndiye nilimunyoa jirani yangu nywele. Makaburini nilimushika kiuno asijitupe ndani, na nyimbo mimi ndiye nilianzisha. Wamama wa kwaya waliniambia sijawahi kuimba vizuri vile. Jioni nilikula nikashiba.

Wiki mbili zilipita. Mchana mumoja pikipiki ilisimama kwetu, mutu akashuka polepole, mukono wake umefungwa na kitambaa shingoni. Amekonda mpaka sikumutambua. Jirani yangu alikuwa anaosha sahani. Aliinua kichwa, akapiga kelele ambayo sijui kuieleza, akamurukia bwana yake. Parsele ikajaa watu. Wengine wanalia, wengine wanacheza, mumoja anapiga sufuria. Risasi ilikuwa imemupiga mukono, watu wa kijiji kimoja wakamuficha na kumutunza mpaka akaweza kutembea.

Yeye peke yake hakucheka. Aliuliza kwa nini muke wake amenyolewa. Wakamueleza wote kwa pamoja: tulikuzika weye! Pantalo yako iliokotwa, ile ya uzi wa kwaya!

Akanigeukia.

“Shemeji,” akaniita.

“Sema,” nikamuambia. Nilikuwa nimekwisha kujua.

“Tulivuka muto. Pantalo ya bwana yako ilipasuka yote kwenye miti. Mimi nilikuwa na mbili. Nikamuambia achague, akachukua ile. Alisema, hii muke wangu ndiye alishona.”

Jirani yangu alikuwa bado amemukumbatia bwana yake. Alinitazama, akaelewa, akajaribu kuificha furaha kwenye uso wake, haikufichika. Sikumukasirikia. Ile furaha naijua.

Hakukuwa na matanga mengine. Wamama wa kwaya walikuja, wakaketi kwangu, wakashindwa kujua waimbe nini, maana tulikuwa tumekwisha kumulilia kwa jina la mutu mwingine. Jina kwenye musalaba tulilibadilisha siye wenyewe. Kwenye ofisi ya kambi wanasema bwana yangu yuko bado kwenye liste ya waliopotea, nirudi siku nyingine. Nimerudi mara nyingi. Kwao, mimi si mujane.

Siku ya Mungu, baada ya misa, ninaenda kaburini peke yangu. Ninamupa habari: mutoto wa kwanza amepita darasa, mutoto wa mwisho anaumwa meno, kamba ya nguo imekatika tena. Ninamugombeza pia kwa kuondoka haraka vile. Lakini neno moja nilishindwa kulisema miezi na miezi. Wiki iliyopita ndipo lilitoka. Nilipiga magoti, nikamuambia:

“Baba ya watoto, unisamehe. Siku tulikuzika, nilifurahi.”