Jiko Lililozimika Kila Tukitoka

Jiko letu lilikuwa na tabia moja ya ajabu. Tukiwa nyumbani, linawaka. Tukitoka, linazimika.

Msicheke. Hamkuwa pale.

Ilikuwa Januari 1996, huko Blaine, kaskazini mwa Minneapolis. Baridi ya kule ukivuta pumzi, nywele za puani zinashikana. Na furnace, ile mashine ya basement, chini ya nyumba, inayopasha nyumba nzima joto, ilikuwa imekufa.

Mume wangu Gitonga akapata suluhisho kwa fundi mmoja Mzungu wa Woodbury, anaitwa Harrison. Akarudi nyumbani meno yote nje.

"Nkirote, nimepata jiko!"

"Hongera," nikamwambia. "Na mimi sasa niende wapi?"

Lilikuwa jiko la pellets. Sanduku la chuma lenye kioo mbele, linakula vidonge vya unga wa mbao vinavyofanana kabisa na chakula cha sungura. Unamwaga gunia kwa juu, unachomeka waya kwa stima, linajilisha lenyewe. Harrison alitoboa ukuta, akapitisha bomba la moshi, akaenda zake. Siku hiyo nilivua soksi ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza tangu Thanksgiving, ile sikukuu yao ya Novemba.

Mama yangu alikaa kona ya mbali kabisa, akaliangalia.

"Hicho ni nini?"

"Ni jiko, Mama. La kutupa joto."

"Linawaka mkiwa mmelala?"

"Mpaka asubuhi."

Akageuka kuliangalia dirisha.

Mama alikuwa ametoka Timau, kule Meru, aje atulelee Dinah wa miezi mitano ili nimalize masomo ya nursing. Nilikuwa nimebakisha semester moja. Siku tatu darasani, siku mbili naogesha wazee kwenye nursing home Saint Paul, Gitonga naye ana kazi mbili. Bila Mama, shule yangu imeisha. Na Mama alikuwa ameshasema waziwazi: hiyo baridi ikiendelea, anarudi kwake.

Basi Jumatatu nikarudi saa kumi. Jiko limezimika, madirisha mawili wazi. Mama amevaa koti langu, Dinah yuko mgongoni, amefungwa leso juu ya leso.

"Mama! Madirisha wazi na baridi hii?"

"Lilitoa moshi."

Nikaliwasha. Likawaka vizuri kabisa, kama halijui kitu.

Jumanne hivyo hivyo. Jumatano hivyo hivyo. Jumamosi Gitonga akashinda nyumbani, na jiko likawaka kutwa nzima.

Tukamwita Harrison. Akafungua, akasugua na brashi, akasema halina kasoro. Eti moshi hurudi ndani stima ikikatika tu. Gitonga akalaumu nyaya za nyumba. Mimi nikamlaumu Gitonga.

"Unaokota vitu watu wametupa!"

"Basi nenda ununue wewe!"

Tulikuwa tumechoka, nataka mnielewe hapo. Uchovu wa kulala na kijiko mkononi, chakula kiko bado kwa sahani.

Harrison akarudi mara ya pili, akaondoka akikuna kichwa. Dada Rahab wa fellowship yetu ya maombi akasema nyumba yetu ina kitu. Akaja akaomba, akalipaka jiko mafuta. Nyumba ikanuka kama tunapika chapati, siku mbili nzima. Jumatatu jiko likazimika.

Na kuna jambo lingine lililokuwa linaniudhi. Mama hakuwa anamlaza mtoto. Asubuhi mgongoni, mchana mgongoni, hata akisinzia, mgongoni.

"Mama, utamzoesha vibaya. Ukienda nitambeba saa ngapi mimi?"

"Sawa, mwanangu," akasema. Kesho yake akambeba tena.

Alhamisi moja akaniita kando. "Mwambie Baba Dinah anikatie tiketi. Nataka kurudi nyumbani."

Nililia kwenye choo cha kazini mpaka mzee mmoja akabisha mlango kuuliza kama kuna mtu amekufa.

Ijumaa nikatoka kwenda darasani hivyo hivyo. Nikiwa katikati ya safari, redio ikatangaza shule zote zimefungwa kwa sababu ya baridi. Nikageuza gari.

Nilipofungua mlango, Mama alikuwa amepiga magoti nyuma ya jiko, Dinah mgongoni. Waya wa stima ulikuwa mkononi mwake. Moshi ulikuwa umeanza kutoka.

Niliketi chini na koti langu na buti zenye theluji.

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi."

"Siku zote hizi?"

"Hii ni nyumba ya mkwe wangu, Nkirote. Ningemwambia nini? Kwamba kitu alichowaletea kinaua watu? Nikishakizima narudisha waya pale pale. Akiwepo siwezi kukigusa. Mkilala nafungua dirisha la jikoni kidogo, nakaa nje ya mlango wenu nasikiliza kama mnapumua."

"Kinaua nani, Mama?"

Akaufunga waya mkononi kama kamba ya ng'ombe.

"Eliakim alikufa na nini?"

Eliakim alikuwa kaka yangu. Alikufa ana miaka minne, mimi nikiwa mtoto mchanga.

"Homa," nikasema. Ndivyo nilivyoambiwa maisha yangu yote.

"Haikuwa homa. Ilikuwa Julai, na wewe unajua Julai ya Timau. Nikaingiza jiko la makaa ndani, nikaziba dirisha na gunia ili apate joto. Nikaenda kukama. Wewe ulikuwa unalia, nikakubeba mgongoni. Niliporudi alikuwa amelala vizuri tu, midomo yake myekundu. Nikafikiri amepata joto. Nikamwacha aendelee kulala."

Midomo myekundu nilikuwa nimeisoma darasani Oktoba. Moshi wa makaa, ile hewa ya sumu isiyo na harufu, dalili zake. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, nikalipata. Nilifurahi sana siku hiyo.

Nikamwangalia Dinah mgongoni kwa Mama, pale pale nilipokuwa mimi siku ile.

Baadaye nikachomeka waya, nikaliwasha jiko. Nikamvalisha Mama buti za Gitonga, tukazunguka mpaka nyuma ya nyumba, tukikanyaga theluji ya magoti. Nikamwonyesha bomba lilipotokea ukutani.

"Unaona, Mama? Moshi wote unatoka hapa. Ile hewa mbaya yote inatoka hapa. Ndani haibaki kitu."

Akavua glavu. Akaweka mkono mbele ya bomba, akausikia ule moshi unavyotoka.

"Kumbe ni bomba tu," akasema.

"Ndio, Mama."

"Bomba tu, Nkirote. Halifiki hata urefu wa mkono wangu."

Nikamvalisha glavu, tukarudi ndani.

Mama alikaa mpaka Agosti, na mimi nikamaliza shule. Jiko halikuzimika tena. Dinah alibebwa mgongoni mpaka siku ya uwanja wa ndege, na sikuuliza tena.

Ninayotaka mbebe ni haya. Ukiwa na mzazi nyumbani anayefanya vitu usivyovielewa, usikimbilie kumtafuta fundi. Mimi niliita fundi, nikaita maombi, nikagombana na mume wangu, na mwenye jibu alikuwa ameketi pale pale kwenye kona na mtoto wangu mgongoni.

Na ukileta kitu kipya nyumbani, mweleze mzazi ni nini. Mimi nilikuwa nimechoka, nikamwambia ni jiko, nikapita.