Mkono wa Kuamia Ndege

Kuna siku moja, mwanangu, hainitoki kichwani, na leo nikikuona umenuna hivyo naikumbuka zaidi. Keti. Jana mwamuzi alikukatalia mipira, leo unasema kriketi basi, unarudi Gulwe kulima. Jembe halina kinyongo, litakusubiri. Nisikilize kwanza.

Mimi nami nilitoka hukohuko. Utoto wangu niliumalizia shambani, naamia ndege. Kwelea wakitua kwenye uwele wenu, uji mtausikia kwa jirani, kwa hiyo nilijua kutupa jiwe kwa nguvu na kwa shabaha. Nilipohamia Dodoma mjini na mama nikakuta vijana wanacheza kriketi, nikajiambia hii ni kazi yangu ya zamani. Nikishika mpira, vile vijiti vitatu vya mpinzani vinaruka. Watu wakanisifu, kichwa kikavimba.

Aliyetufundisha alikuwa Mzee Kantilal, Mhindi muuza vipuri pale Kizota, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Katika mchezo wa mwisho kabla ya kuchaguliwa timu ya mkoa, niliwatoa wapigaji mmoja baada ya mwingine. Wenzangu wakanibeba juu. Nikamwendea mzee nikitabasamu hadi jino la mwisho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unakunja kiwiko."

Unajua mwenyewe, mrushaji huzungusha mkono ulionyooka. Anayekunja kiwiko na kukikunjua ametupa, na kutupa ni kuiba.

"Mbona mwamuzi hakusema kitu?" nikamjibu.

"Mwamuzi wa leo ni jirani yetu, amekuonea huruma. Wewe unatupa jiwe, kijana. Timu ya mkoa sikupeleki kama mrushaji. Ukitaka kwenda, jifunze kupiga. Mpira nitakupa mkono ukinyooka."

Nilikasirika, we acha tu. Nikamwendea mama nikitaka anipoze. Akacheka. "Mkono huo niliukunja mimi kwa kukupeleka shambani," akasema, "basi nitaunyoosha mimi." Akanifunga gango kwenye kiwiko, vijiti na kipande cha kanga, kama mtu aliyevunjika mfupa. Kila alfajiri nikawa narusha mpira ukutani na gango langu, nao unaenda unakotaka wenyewe. Majirani wakasema nimerogwa. Jioni nilishika gongo la kriketi, mzee akanipigisha mipira mpaka viganja vikachubuka. Mazoea yana taabu, mwanangu. Mkoa nikauingia kama mpigaji, tena wa mwishomwisho.

Msimu uliofuata mzee alinisimamia pembeni, nikarusha bila gango. Alitazama sana, kisha akanipa mpira. Ile kasi ya zamani haikurudi, nisikudanganye. Na mechi yangu ya kwanza ya kurusha, wapinzani walibakiza mikimbio miwili tu watushinde, nami nimebakiza mpira mmoja. Mkono wa shambani ukanisihi: mara moja tu, nani ataona? Nikaunyoosha. Mpigaji akaupeleka mpira hadi nje ya uwanja, tukashindwa, nikalia mbele za watu.

Lakini tangu siku ile hakuna mwamuzi aliyenikatalia mpira. Nahodha akikosa mpigaji ananiita, akikosa mrushaji ananiita, na hivyo ndivyo nilivyouchezea mkoa mpaka magoti yakagoma. Figa moja haliinjiki chungu.

Basi shika hili. Ukikatazwa kwa haki, usiuache mchezo, acha kosa. Mkono wako usiuonee haya, uliwalisha nyumbani, ila kila kazi ina mkono wake. Wakati unaunyoosha, jifunze kupiga, usikae bure ukijihurumia. Na siku ukijaribiwa kuiba, kubali kushindwa. Kushindwa kunapona.

Mungu akupe moyo usiochoka na mkono usiokuaibisha, na watoto wako waje kujivunia jina lako. Kesho alfajiri nitakuwa uwanjani. Usiniache nikusubiri.