Majina Aliyoyafuta Kaka Egide

Kaka yangu Egide, tuliyemzika Jumanne iliyopita hapa Katumba, alikuwa katekista kwa miaka ishirini na sita. Naandika habari za kazi yake ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyommaliza, na wapo wanaoisimulia vibaya.

Miaka ya nyuma aliingiza vitabu vyote vya ubatizo kwenye kompyuta ya parokia. Wazee wetu walitoka Burundi na majina ya Kifaransa yenye vialama juu ya herufi: Désiré, Léonie, Aimée. Egide aliyaandika yalivyo, kialama kwa kialama. Vitabu vikafungiwa sandukuni, mchwa wakavila. Hatukusikitika sana, maana majina tulikuwa nayo.

Mwaka juzi ikaletwa kompyuta nyingine yenye programu mpya, majina yakahamishiwa humo. Egide alipoifungua, kila penye kialama palikuwa na herufi ngeni mbili mbili zisizosomeka. Akakaa siku tatu anazifuta, akijua anasafisha. Akahifadhi. Désiré akabaki Dsir.

Wiki iliyofuata akaja fundi Ponsian kutoka Mpanda mjini.

“Nani kafuta hapa?”

“Mimi. Palikuwa pachafu.”

Ponsian aliondoa mkono kwenye kompyuta. “Mzee, majina yalikuwa mazima humo ndani. Programu ilikuwa inayaonyesha vibaya tu. Ningerekebisha sehemu moja, yote yangerudi. Sasa ulichohifadhi ndicho kilichobaki.”

“Na ile kompyuta ya zamani?”

“Si mlisema imekufa?”

Majina mia nne na kumi na mawili. Padre alimwambia akisie, lakini Dsir haionyeshi ni herufi zipi zilifutwa wala zilikuwa wapi. Egide akakataa. “Mtu aliitwa mbele ya Mungu kwa jina lake, halafu mimi nikisie?”

Akachukua daftari na baiskeli, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Daktari alikuwa ameshamwambia moyo wake umevimba, asiendeshe baiskeli. Wifi yangu Laurence alimzuia mlangoni.

“Baba Dieudonne, unatafuta majina au unatafuta kaburi?”

“Majina. Kaburi halitafutwi.”

Watu walimtania. Mama Capitoline, akipukuchua mahindi, alimpokea kwa sauti: “Katekista! Umekuja kunibatiza tena? Safari hii chemsha maji, yale ya kwanza yalinipa mafua!” Egide alicheka, akaandika jina lake, akaondoka anahema. Jioni alikuwa anakaa kitandani na viatu, hawezi kuinama kuvivua.

Alianguka kwenye barabara ya Kasokola. Waliomwokota walikuta daftari ndani ya shati.

Nimelihesabu. Yamebaki majina thelathini na moja, ya watu waliokufa au waliorudi Burundi bila kuacha ndugu hapa. Juzi Padre aliniita.

“Odeta, tuyajaze kwa kukisia, kitabu kipya cha ubatizo kipigwe chapa. Marehemu amejitahidi vya kutosha.”

Nilitamani kukubali, ili kazi ya kaka ionekane imekamilika. Nikamwambia hapana, kaka alikataa. Basi kitabu kitatoka na mistari thelathini na mmoja yenye majina ya wazazi tu, na pa mtoto pakiwa wazi.

Tangu mazishi nawasalia wote waliomo kwenye daftari, mmoja mmoja kwa jina. Nikifika kwa wale thelathini na mmoja nasema tu: mtoto wa Apollinarie, umhurumie, mtoto wa Pudensiana, umhurumie.