Sufuria Nzima ya Kamande

Juzi pale sokoni Kamakis nilikuwa nikipunguziwa bei ya viungo, muuzaji akafungua mfuko wa jira. Harufu ile ikanirudisha utotoni Thika, kwenye geti la kiwanda ambapo Mama aliwauzia wafanyakazi chakula.

Siku moja alikuwa amepika kamande, zile za jamii ya dengu, zote zilizobaki nyumbani, kwa jira, manjano na tangawizi. "Leo lazima ziishe," aliniambia.

Tulingoja king'ora cha kutoka kazini, lakini hakikulia. Mama alihesabu sahani, akazihesabu tena, kana kwamba wateja walikuwa wamejificha katikati. Mwishowe soja wa geti akaja.

"Mama, enda tu nyumbani. Wamefunga. Watu wameambiwa wasirudi."

"Mpaka lini?"

"Aii, hata mimi nimefutwa."

Mama akakaa chini, akanipakulia. Nilipomaliza, akaniongeza bila kuombwa, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Machozi yalikuwa yakimtoka, nami nikalaumu moshi, ingawa jiko lilikuwa limeshazima.

Niliona hiyo ni sikukuu.

"Mama," nikasema, mdomo umejaa, "hata kesho wasikuje."

"Hawatakuja," akajibu, akinikwangulia sufuria.