Maji Yasiyounguza Mkono

Shangazi yangu Mevlida akiingia nyumba ya mtu, kabla hajavua koti, huweka kiganja ukutani kama daktari anayepima homa. Ni mhandisi wa boila zinazopasha joto majengo manne ya mji wetu wa mgodi, hapa Bosnia, kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita, nami nilidhani haogopi kitu.

Mwaka juzi tulichoma makaa ya mawe kama kawaida. Maji yalifika kwenye rejeta, yale mabati ya ukutani yanayopasha vyumba joto, yakiwa na nyuzi tisini, watu wakafungua madirisha wapate kupumua. Mgodi ulikuwa unaishiwa, na Februari makaa yakakatika. Jirani yetu, mzee Hasib, tulimkuta kitandani amevaa makoti mawili, amekufa. Shangazi ndiye aliyemfumba macho.

Kiangazi kizima alipiga hesabu kwenye meza ya jikoni. Kuta za majengo zivishwe nguo nzito ya kuzuia baridi. Boila iwashwe moja, nusu makaa, nusu vipande vya mbao. Maji yaende kwa nyuzi arobaini na tano, usiku na mchana, bila kusimama. Hivyo makaa yangefika mwisho wa Machi. Baraza la mji lilikubali, kwa sharti kwamba sahihi iwe yake peke yake.

Januari baridi ikashuka hadi nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Saa moja asubuhi Remzija, mzee anayelisha boila, akapiga simu.

"Bi Injinia, njoo. Presha inashuka."

Nilikuwa likizo ya chuo, nikamfuata. Mshale wa geji ulikuwa kwenye mbili. Ukifika moja, pampu inajizima. Maji yanasimama mabombani, yanaganda, mabomba yanapasuka. Tulitembea juu ya njia ya bomba lililofukiwa ardhini, tukitafuta mahali linapovuja. Zamani, maji yakiwa ya moto, theluji iliyeyuka hapo, paka wakalala. Sasa ilikuwa nyeupe tupu. Tuliporudi, mshale ulikuwa umeshuka tena.

"Rudisha tisini," Remzija alisema. "Watu hawaoti moto wa hesabu zako."

"Nikirudisha leo, Februari nitawapa nini?"

"Februari tutaijua Februari."

Shangazi alichukua kopo la rangi ya kijani. Aliimimina kwenye maji ya boila, ili popote yanapovujia tuyaone. Kisha tukapanda kwa mama yake, Bibi Almasa, ghorofa ya saba, kwa kuwa maji yakipungua, ghorofa za juu ndizo hupoa kwanza.

Bibi alikuwa kwenye kigoda mbele ya rejeta, kifunguo kidogo mkononi. Kutoka kwenye tundu la hewa maji yalitiririka ndani ya ndoo. Yalikuwa kijani.

"Mevlida," alisema, "maji yenu yameoza."

"Mama, unafanya nini?"

"Natoa hewa. Tangu alfajiri natoa hewa, na bado ni vuguvugu."

Kila mtu hapa anajua hivyo tangu utotoni: rejeta ikiwa vuguvugu ina hewa, unafungua tundu mpaka maji yakuunguze. Lakini maji ya Shangazi hayakuwa ya kuunguza mkono.

"Ndoo ya ngapi?"

"Ya tano. Fadila wa ghorofa ya chini ametoa saba."

Shangazi alikaa sakafuni. "Majengo yote manne yanamwaga maji," alisema polepole. "Hili sikuliweka kwenye hesabu."

Simu ikalia. "Moja na nusu," alisema Remzija.

Shangazi akamwonyesha mama yake kipimajoto cha ukutani. "Tazama. Chumba kina nyuzi ishirini."

"Hicho hakijawahi kufa kwa baridi. Hata kwa Hasib ilianza na vuguvugu."

"Najua, Mama. Naogopa hilo hilo. Lakini mkiendelea kuyamwaga, hii rejeta itakuwa barafu kabla ya adhuhuri."

Bibi alikizungusha kifunguo. Akafunga tundu. Akachukua kinu chake cha shaba cha kusagia kahawa, akaanza kuligonga bomba kwa nguvu zake zote. Mlio ukashuka ghorofa zote saba. Milango ikafunguka.

"Mwendawazimu gani huyo?"

"Ni mimi, Almasa! Fungeni matundu! Hamna hewa humo!"

"Mwanao ndiye anayetugandisha!" Fadila alipiga kelele.

"Funga kwanza, mbwatukaji wee, kisha njoo unitukane ukiwa na joto!"

Bibi aliwapigia simu wazee wenzake wa majengo mengine. Mimi na Shangazi tulikimbia ngazi hadi ngazi, tukigonga mabomba kwa kijiko. Saa tano, tuliporudi kwenye boila, mshale ulisimama kwenye moja na nukta mbili. Remzija aliendelea kuongeza maji, na sasa hayakumwagika tena. Baada ya nusu saa ukapanda, unene wa unywele.

Alasiri Bibi alimpa Shangazi kifunguo. "Chukua. Nikibaki nacho nitafungua."

Shangazi alikitia mfukoni.

"Na kama umekosea?"

"Nitakuwa nimekosea humu humu, Mama. Nahamia kwako hadi Machi."

Aliweka kiganja juu ya rejeta, akakiacha hapo. Nami nikaweka changu. Ilikuwa vuguvugu. Redio ya jirani ilitangaza kuwa baridi itazidi.