Mwamba Uliotuitia Watu

Mvua ilitukuta mlimani, juu ya kijiji cha Nkome kando ya ziwa, mimi na mama mkwe wangu tukitafuta kuni. Nilikuwa nimeolewa karibuni kutoka Maganzo, na bado nilimwonea haya hata kula mbele yake. Tukakimbilia pangoni. Pale mlangoni niliteleza, mguu ukaingia kati ya mawe mawili, nikasikia kitu kikivunjika.

"Usiusogeze," aliniambia. "Kaa hivyohivyo, mwanangu."

Simu haikushika mtandao, na umri wake haukumruhusu kunibeba. Nikaanza kulia, nikimwomba asiniache. Hakuniacha. Aliingia ndani zaidi, penye bamba kubwa la mwamba lililoegemea mengine, akaokota jiwe la kuenea kiganjani, akapiga.

Sikutegemea sauti ile. Mwamba ulilia kama kengele ya kanisa, na pango likautupa mlio nje, kuelekea ziwani. Akapiga tena, akihamisha mkono. Kila mahali palikuwa na sauti yake. Niliona mwamba umejaa vishimo laini, vilivyolika kwa kupigwa.

"Nani alivichimba, mayu?" niliuliza. Mayu ni mama kwetu Wasukuma, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumwita hivyo.

"Hata bibi yangu alivikuta. Ni watu wa kale sana. Yeye alinifundisha kupiga tukifukuza nyani shambani. Nyamaza sasa, nisikie kama kuna anayeitika."

Mkono ulipochoka alitumia wa pili. Mvua ilipokatika, tukasikia miluzi kutoka chini. Wakatokea wanawake waanika dagaa na wavuvi kadhaa, wamebeba turubai na makasia.

"Tumefuata mlio," mmoja alisema, akihema. "Mvua kama hii hakuna anayefukuza nyani. Tulijua kuna mtu amepatwa."

Wakafunga turubai kwenye makasia, wakaniteremsha hadi barabarani. Mayu alinishika mkono njia nzima, kiganja chake kimechubuka.

Zile wiki za kulala nyumbani, mguu umefungwa plasta, yeye ndiye aliyeniogesha, na wanawake wale walikuja kwa zamu kutupikia, ingawa mwanzoni hata jina langu hawakulijua. Leo natembea vizuri, ila baridi ikizidi mguu huuma kidogo. Kila ninaposali nawataja wote. Nawaombea pia wale wa kale, waliogundua kwamba mwamba ule unaweza kuita. Haya niliyokuwa nikimwonea mayu iliisha. Siku hizi tunakula sahani moja, tukigombania ukoko.