Jicho na Kijicho Ndani ya Chumba cha Ultrasaundi

Saa nne asubuhi, mapazia ya chumba cha ultrasaundi yamefungwa. Mama Jeli, kama wenzake hospitalini wanavyomwita, anapaka jeli upande wa kulia wa tumbo la msichana wa shule. Msichana anaruka.

"Pole, mwanangu. Ni baridi tu, haing'ati."

Anatafuta kidole tumbo. Kikivimba, hakibonyei hata ukikikandamiza. Lakini kwenye skrini anaona matumbo yaliyojaa hewa, basi.

Nje ya mlango daktari anauliza, "Jicho yuko wapi? Angempima yeye."

Jicho ni mwenzake kijana. Mama Jeli ndiye aliyemfundisha kushika kifaa cha kupimia. Leo madaktari wanamtaka huyo huyo.

"Nikisikia jina lake, roho inaniuma kama jino bovu," anasimulia baadaye bila haya. "Yeye ni Jicho, mimi nina kijicho."

Angeweza kuandika "hakikuonekana" na kumwita mgonjwa mwingine. Asingekuwa amesema uongo. Lakini daktari mwenye haraka husoma neno hilo kama "hakina neno", mgonjwa akarudishwa nyumbani, kidole kikampasukia huko.

Mama wa msichana, aliyeketi kando ya kitanda, anamtazama usoni. Mama Jeli anafungua mlango.

"Wewe! Njoo."

Jicho anaingia akijifuta makombo mdomoni. "Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Kidole tumbo kimenikimbia."

"Lalia ubavu wa kushoto, mdogo wangu," Jicho anamwambia msichana, kisha anapitisha kifaa kiunoni, kuelekea mgongoni. Kidole kinajitokeza kwenye skrini: kinene, kigumu, hakibonyei.

"Kilijificha nyuma ya utumbo. Si ungeniita mapema, mama?"

"Usivimbe kichwa. Leo kimevimba kidole, kinatosha."

Msichana anacheka, anashika tumbo, analia.

Mchana huo alifanyiwa upasuaji kabla kidole hakijapasuka. Na wivu, umekwisha?

"Nani kasema? Daktari alimpongeza yeye mbele yangu. Nilitamani ardhi inimeze. Au immeze yeye."

Hata hivyo, ameomba wapangwe zamu moja kuanzia wiki ijayo.

"Nitautazama mkono wake mpaka nimwibie hiyo mbinu ya ubavuni," anasema, akiosha jeli vidoleni. "Halafu tuone watamwita nani."